Nchi Mbili Juu ya Shimo la Vura

SEHEMU YA KUMI NA MOJA

Tulipoachana Jumamosi iliyopita, simu ilikuwa inalia ndani ya shimo.

Ambao hamkuwa nasi siku hiyo, jueni hivi tu. Shimo lenyewe ni la choo, limechimbwa uani mwa nyumba moja mtaani Vura, hapa Honiara, mji mkuu wa visiwa vyetu. Ndani yumo mchimbaji wake, Ellison Maeofa, aliyeporomokewa na ukuta wa udongo tangu saa moja asubuhi. Pamoja na udongo likashuka bomu la Wajapani lililolala humo miaka themanini. Halikulipuka. Lilimkalia mguu wa kulia, likatulia.

Waliopiga magoti kando yake ni wategua mabomu wawili: Sajini Jemimah Toghavera wa polisi, na Warwick Tresise, mwanajeshi mstaafu wa Australia aliyemfundisha Jemimah kazi hiyo.

Na Ellison ni mume wa Jemimah. Au alikuwa. Miaka minne iliyopita alipanda meli ya kwenda mji wa Auki na mwanamke mwingine, asigeuke nyuma.

Warwick akapokea simu.

"Ndiyo," alisema. "Niko shimoni. Ndiyo, na bomu. Ndiyo, na mtu." Akasikiliza muda mrefu, uso umemkauka. "Nimeelewa."

Akaizima.

"Jem, natakiwa nitoke."

"Toka basi ukajisaidie, urudi."

"Natakiwa nitoke nchini."

Jemimah hakuinua macho. Alikuwa anamwagia bomu maji kwa kikombe, polepole, mahali palipotokeza unga wa manjano kwenye shingo ya chuma. Unga ule ndio uliokuwa hatari kuliko chuma chenyewe. Ukiwa umelowa unalala. Ukikauka, msuguano wa ukucha unautosha.

"Saa ngapi?" aliuliza.

"Ndege ya saa kumi. Lakini hapa natakiwa niondoke sasa hivi. Na vifaa."

"Vifaa vyote?"

"Vyote."

Ellison, aliyekuwa amelala chali na udongo mpaka kiunoni, akamtazama mmoja, akamtazama mwingine.

"Mama Noelyn," alisema, "huyu mzungu anasema nini?"

"Anasema kwaheri."

*

Kilichotokea juu ya ardhi ni hiki. Saa mbili asubuhi serikali yetu ilitia saini mkataba mpya wa usalama na China. Wote mlisikia redioni. Kabla ya saa tatu serikali ya Australia huko Canberra ikawa imejibu: kazi zote za pamoja zisimame mpaka sera ipitiwe upya. Watu warudi kwao. Vifaa visibaki mahali ambapo mwingine anaweza kuvikagua.

Warwick alipanda ngazi magoti yakimlia. Ana miaka sitini na moja, na nusu ya hiyo kaimaliza mashimoni.

Uani palikuwa na mtu mmoja tu, Kamanda Selwyn Kukiti, mkuu wa Jemimah. Majirani wote walikuwa wameondolewa hadi barabara kuu. Kamanda alikuwa anatafuna popoo, meno mekundu, shati limeshalowa jasho.

"Nimeshaambiwa," alisema kabla Warwick hajafungua kinywa. "Waziri kanipigia. Usinieleze."

"Mwaka jana walikuwa wananiambia nibaki hata mkinifukuza," Warwick alisema. "Mwaka huu naambiwa niondoke hata mkiniomba nibaki. Sijui nani anayeandika hizi barua."

"Nakuomba ubaki."

"Najua."

"Basi?"

Geti likafunguliwa. Lori jeupe liliingia kinyumenyume. Akashuka mtu mwembamba mwenye miwani, sare yake imenyooka kama iliyotoka kwenye pasi dakika hiyo. Huyo ni Meja Qiu, mkuu wa wahandisi wa Kichina waliofika Honiara mwezi uliopita. Anasema Kiingereza taratibu, kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

"Kamanda," alisema. "Ninayo mito ya hewa. Inanyanyua tani ishirini bila kutikisa. Naweza kumtoa mtu wako."

Kamanda alitema popoo. Kwa mara ya kwanza siku ile alionekana kupumua.

"Ila kuna sharti," Meja Qiu akaendelea. "Sina ruhusa ya kutoa vifaa mbele ya mtu wa Australia. Aondoke kwanza."

"Na mimi," Warwick alisema, "wao wakishakanyaga hapa, natakiwa nifunge sanduku langu la vifaa. Wameshakanyaga, naona."

Kamanda aliwatazama wote wawili. Mmoja alikuwa na mito ya kunyanyulia bomu lakini hakuwahi kugusa bomu la aina hii maishani mwake. Mwingine ameyategua zaidi ya mia, lakini hana cha kulinyanyulia.

"Kwa hiyo," Kamanda alisema polepole, "nina madaktari wawili, na kila mmoja hatamgusa mgonjwa mpaka mwenzake afukuzwe."



"Jua likifika utosini litaingia shimoni," Warwick alisema. "Ule unga utakauka haraka kuliko mtu anavyoweza kumwagia. Mna saa moja na nusu."

*

Jemimah alisikia yote hayo kutoka chini. Shimo linabeba sauti.

Akasikia pia kitu kingine: kwamba hasikii chochote. Tangu saa mbili asubuhi, alipochungulia na kuona sura ya aliyefukiwa, alikuwa anangoja kiinuke kitu kifuani mwake. Hasira, au huruma, au hata ile furaha mbaya ya kumwona aliyekuumiza kaumia. Hakikuja. Alimfunga Ellison mkanda pajani kuzuia damu kwa mikono ileile anayofungia magunia ya viazi.

"Huna hata tusi la kunipa?" Ellison aliuliza.

"Nina kazi."

"Miaka minne, Mama Noelyn."

"Usitikisike."

"Siwezi kutikisika. Siusikii mguu. Kama si wangu." Akalamba midomo. "Una popoo?"

"Utatapika."

"Nitatapika tu, popoo au bila popoo."

Akampa kipande kutoka mfukoni, bila chokaa. Ellison akatafuna, amefumba macho.

"Noelyn hajambo?"

"Yuko darasa la sita. Anajua kuogelea."

"Anauliza habari zangu?"

Jemimah akachota maji, akamwagia bomu.

"Aliacha," alisema.

*

Saa nne na robo Jemimah alipanda ngazi. Aliwakuta wale wanaume watatu wamesimama kila mmoja pembe yake kama watu waliogombana msibani.

Hakupaza sauti. Wanaomfahamu wanasema hapo ndipo pa kumwogopa.

"Afande, huyu mtu ni wa nchi gani?"

"Nani?"

"Aliye shimoni."

"Ni wa kwetu."

"Na uani kwa nani?"

"Kwetu."

"Na mimi?"

Kamanda akaitikia kwa kichwa, ameelewa anakopelekwa.

"Basi shimoni asiingie mgeni yeyote," Jemimah alisema. "Nitashuka mwenyewe. Meja, mito yako iweke chini hapo, uende zako barabarani, upande wa kanisa. Hujaitoa mbele ya Mwaustralia, kwa sababu Mwaustralia atakuwa upande wa dukani. Mzee Warwick, wewe umeambiwa ufunge sanduku?"

"Ndiyo."

"Umeambiwa ulibebe na nani?"

Warwick akakuna kidevu. "Sikuambiwa."

"Uzee una matatizo yake. Mtu anaweza kusahau sanduku uani."

Warwick akalitazama sanduku. Sote tunajua kusahau sanduku lile ni nini kwa mtu wa kazi yake. Si kuonywa tu. Ni malipo ya uzeeni, ni jina, ni kuhojiwa chumbani na watu wasiowahi kushika koleo.

"Kumbukumbu zangu si nzuri siku hizi," alisema mwishowe. Akaliweka sanduku kando ya ngazi, akatoka getini bila kugeuka.

Meja Qiu hakutoka mara moja. Alimtazama Jemimah kupitia miwani yake.

"Bomu hili ni la Wajapani?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Babu yangu alipigana na Wajapani. Mmarekani ndiye aliyempa bunduki." Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Leo Mjapani ni rafiki wa Mmarekani, na mimi siruhusiwi kusimama na yule mzee. Siyo kwamba nalalamika. Nasema tu."

Akamwonyesha vali za mito, akarudia mara mbili, akaenda upande wa kanisa.

*

Jemimah alishuka na redio mbili. Begani kulia ya Warwick, begani kushoto ya Qiu. Kila moja na wimbi lake, kwa hiyo wale wawili hawakuweza kusikiana.

"Telezesha wa kwanza chini ya mkia," redio ya kushoto ilisema. "Mahali penye uzito."

"Usiguse mkia," redio ya kulia ilisema.

Akasimama, mto mkononi.

"Mzee Warwick, Meja anataka mkiani."

"Mwambie mkia umeoza. Utakatika, bomu lizunguke, limlalie kifuani."

"Meja, mkia umeoza."

"Ukiweka katikati peke yake, litainama mbele. Shingo itagusa udongo. Shingo ndiyo yenye unga, sivyo?"

"Mzee, anasema katikati litainama."

"Liinamie wapi? Kwa nyuzi ngapi?"

"Meja, anauliza nyuzi ngapi."

"Mwambie inategemea..."

Mwale mwembamba wa jua ulikuwa umeshagusa ukingo wa shimo, ukashuka ukutani shibiri moja. Ellison alikuwa anautazama. Popoo ilikuwa imekwisha mdomoni lakini taya bado lilikuwa linatafuna.

Jemimah akavua redio zote mbili mabegani. Akazielekezana mdomo kwa sikio, akibana kwa kidole gumba kitufe cha moja kila nyingine iliposema, tope likimchuruzika viwikoni.

"Zungumzeni wenyewe," alisema.



"Meja Qiu," sauti ya Warwick ilisema, "unayo mito mingapi?"

"Minne."

"Ya unene gani ikiwa tupu?"

"Sentimita mbili na nusu."

"Weka miwili, basi. Mmoja mbele ya mkia kwa shibiri moja, mwingine nyuma ya shingo. Ijazwe kwa zamu, pumzi kidogo huku, kidogo kule. Unaonaje?"

"Naona ni sawa. Lakini wa nyuma uanze."

"Wa nyuma uanze. Jem, umesikia?"

"Nimesikia."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nusu saa nzima wanaume wale wawili, mmoja kanisani, mwingine dukani, walizungumza ndani ya viganja vya mwanamke mmoja mwenye tope. Walipomaliza kukubaliana alizitundika shingoni akafanya walivyosema. Maji. Hewa kidogo mkiani. Maji. Hewa kidogo shingoni. Bomu lilipanda kama unga wa mkate unavyoumuka, hulioni likienda, unaona tu kwamba si pale lilipokuwa.

Lilipofika upana wa ngumi, akamshika Ellison makwapani.

"Itauma?" Ellison aliuliza.

"Sijui. Umesema huusikii."

Akamvuta. Mguu ulitoka, na ulivyotoka haukuwa na sura ya mguu. Ellison aliutazama kama mtu anayetazama mzigo wa abiria mwingine. Kisha akazimia, bila kelele.

Kamanda mwenyewe ndiye aliyeshuka na kamba. Walipomfikisha juu, jua lilikuwa limefika mahali alipokuwa kalala, juu ya tope tupu. Bomu lilikuwa limeshafunikwa kwa magunia yaliyolowa, maji yakitiririka juu yake kutoka kwenye mpira wa bustani.

Hakuna aliyekufa Vura siku ile. Kwa magazeti mengine habari iliishia hapo. Kwetu ndiyo inaanza.

*

Saa tisa alasiri Kamanda Kukiti alimwita Jemimah ofisini, akafunga mlango kwa ufunguo.

Jemimah alikuwa bado na tope kwenye nywele. Alikuwa amekula wali na samaki wa kopo kwa sababu mtu alimwekea mkononi. Hospitali walikuwa wamemwambia mguu umekatwa juu ya goti na mgonjwa ataishi. Aliitikia, "Sawa," akarudi kwenye wali.

"Keti," Kamanda alisema. "Barua mbili zimefika. Ubalozi wa kwanza unauliza kwa nini sanduku lao lilionekana karibu na mito ya Wachina. Wa pili unauliza kwa nini mito yao ilionekana karibu na sanduku. Nimezitazama, zinafanana hadi nukta."

"Nitajibu."

"Hizo si kitu. Nitazijibu mimi." Akafungua droo. "Kitu ni hiki."

Ilikuwa karatasi moja, imekunjwa mara nne, ina muhuri. Jemimah aliijua kabla haijafunguliwa. Ni cheti cha usalama, kile kinachotolewa ardhi ikishapimwa na kuonekana haina bomu. Hakuna anayejenga wala kuchimba Honiara bila kuwa nacho.

"Mwenye nyumba kakileta," Kamanda alisema. "Ya Vura. Uani kule palikwishapimwa, Jemimah. Miaka mitatu iliyopita, mwezi Machi. Cheti kinasema ni salama, mpaka kina cha mita nne."

Bomu lilikuwa kwenye mita mbili.

"Soma sahihi."

Zilikuwa mbili. Ya juu iliandikwa W. Tresise. Ya chini, J. Toghavera.

"Waziri anataka jibu moja kutoka kwangu," Kamanda alisema. "Asubuhi hii kawaudhi wakubwa wa Canberra, na mchana kutwa wanamwambia nchi bila wao haiwezi kujilinda hata na bomu la zamani. Akipata karatasi inayoonyesha mtu wao alipitisha ardhi bila kuipima, mtu akapoteza mguu, atakuwa na la kuwajibu. Anataka nimzuie Tresise uwanja wa ndege. Nikimzuia, mkataba wa zamani na Australia umekufa leo, hautafufuka. Na yule mzee atalala ndani."

"Anaondoka saa kumi."

"Anaondoka saa kumi. Kwa hiyo nakuuliza mara moja. Hiyo sahihi ya chini ni yako?"

Jemimah akaisogeza karatasi karibu na dirisha.

Hakuwahi kupima uani kule. Leo ndiyo mara yake ya kwanza kukanyaga nyumba ile. Na ya juu haikuwa ya Warwick, hilo aliliona papo hapo, kwa sababu zote mbili ziliandikwa na mkono mmoja. Na kwenye jina lake, herufi G ilikuwa na mafundo mawili, kama namba nane iliyochoka.

Anamjua mtu mmoja tu duniani anayeandika G namna hiyo. Ndiye aliyejaza fomu ya kuzaliwa ya Noelyn. Ndiye aliyeandika mialiko ya harusi yao, mmoja mmoja, mezani jikoni, akajisifu kwa mwandiko. Na baada ya kwenda Auki, watu walisema amepata ukarani kwa wapima ardhi.

Sasa hivi amelala wadi ya wanaume, hana mguu, na hajui kwamba ameporomokewa na karatasi yake mwenyewe.

Akisema sahihi si yake, watamtafuta aliyeghushi, na safari hiyo itaishia kwenye kile kitanda, na Noelyn atasoma jina la baba yake gazetini. Akinyamaza, atashikwa Warwick. Alijipekua tena ndani, kama asubuhi, atafute kilichopo. Palikuwa kimya tu, kama nyumba iliyohamwa.

"Ni yangu," alisema.

Kamanda hakushtuka. Akaikunja karatasi, moja, mbili, tatu, nne.

"Na ya Tresise?"

"Nilimwandikia mimi. Yeye hakujua. Mwache aende."

"Ulikwenda kupima peke yako."

"Sikupima. Nilichoka siku hiyo. Nikaandika tu."

"Machi, miaka mitatu iliyopita."

"Ndiyo, afande."

Kamanda Kukiti akamtazama kwa muda, macho yake hayana ukali wowote, na hilo ndilo lililokuwa baya.

"Machi yote ile ulikuwa Brisbane, Australia," alisema. "Kozi ya majuma sita. Ruhusa yako niliisaini kwa mkono huu. Nikakusindikiza uwanja wa ndege wa Henderson kwa gari langu, mwanao akalia njia nzima."

Ukutani ilikuwa saa tisa na dakika ishirini.

"Jemimah, unamficha nani?"

Kamanda akainua mkono wa simu ya mezani, akabonyeza namba za uwanja wa ndege moja baada ya nyingine, taratibu, akimpa nafasi.

"Una muda mpaka wapokee," alisema.

Ikaita mara moja. Ikaita mara ya pili.

Wakapokea.